Gari Lako Lilikosa Reprizi

Mpendwa Papa Placide,

Nakuandikia nikiwa nimekukasirikia, kwa hiyo usianze kucheka. Najua uso wako. Nilipokuwa nikikugombeza ulikuwa unainamisha kichwa na kutafuta kitu cha kufuta kwa kile kitambaa chako cha mafuta, kikombe au kiatu au chochote kilichokuwa karibu, huku umeuma mdomo kwa ndani ili kicheko kisitoke. Mara hii huna kitambaa wala kikombe. Tulia unisikilize.

Barua hii naiacha wazi, anayetaka kusoma asome, ila asimwonyeshe mwanetu. Hapa Goma tuko wanawake wengi wenye waume wa barabarani, na wengi wa waume hao wana ugonjwa wako: wanatufanyia jambo kubwa halafu wanafunga mdomo, wakidhani kunyamaza nako ni sehemu ya zawadi. Labda mmoja wao ataisoma na kumwambia mkewe kitu leo wakiwa wanakula. Mimi nimechelewa kuzungumza nawe, na hilo linanichoma kila siku.

Kwa wale ambao hawakukujua, ulikuwa na pikapu ya dizeli iliyowahi kuwa nyeupe. Ilikuwa imezeeka kabla hatujainunua, ikaendelea kuzeeka mikononi mwako kwa heshima zote. Ulipanda nayo hadi Kiwanja na sabuni, chumvi na mafuta ya kupikia, ukashuka na maharage na ndizi. Asubuhi uliiamsha kwa maneno matamu ambayo mimi sikuyasikia tena tangu harusi yetu. Nilikuwa nakuambia, "Papa Placide, siku moja nitakuta mumelala pamoja na hii gari." Ukanijibu, "Ee, lakini yenyewe haiombake bikwembe." Na mimi na vitenge vyangu tukaingia ndani.

Tulikutana kwa sababu ya gari pia, la bosi wako wa wakati ule. Uliniletea turubai lililotoboka, ukasema washonaji wote wa mtaa wa Birere wamelikataa kwa kuwa linavunja sindano. Lilivunja na zangu. Nikaliziba kwa mkono, na wewe ukakaa kwenye kibao ukiangalia jinsi ninavyopitisha uzi juu na chini, juu na chini, mpaka tundu likajaa. Ukauliza kazi hiyo inaitwaje. Nikakuambia masista walionifundisha kushona waliiita reprizi, yaani kuziba tundu kwa nyuzi bila kutia kiraka. Ukacheka sana.

"Kwetu bashofere, reprizi ni nguvu ya gari kuondoka kama ilikuwa imesimama," ulisema. "Gari haina reprizi, mulima itaishinda."

Tukabishana kama hilo ni neno moja au ni mawili. Ulirudi kesho yake tuendelee kubishana, na kesho kutwa tena, na turubai lilikuwa limekwisha siku ile ya kwanza.

Ndiyo maana siku Safari alipokuja nilimwelewa vibaya. Safari, dereva mwenzako, yule mliyekuwa mkifuatana naye kila mnapopanda, alisimama kwenye lango akiwa na vumbi hadi kwenye kope. Nilimpa kiti, hakukaa.

"Mama Placide," alisema, "gari ilikosa reprizi."

Nilikuwa na nguo ya mtu mkononi na pini mdomoni. Nikafikiri anazungumzia turubai. Nikafikiri limechanika njiani, nawe umemtuma aniambie niandae uzi mnene. Nikamwuliza, "Tundu ni kubwa?" Papa Placide, hayo ndiyo maneno niliyosema. Safari alinitazama, akaketi chini kwenye saruji, akaanza kulia kwa sauti, nami nikaelewa.

Baadaye alinieleza vizuri. Mlikuwa kwenye ule mpando kabla ya Rugari, Safari mbele, wewe nyuma, mmesimama kumpisha mwenye lori aliyekuwa anashuka. Risasi zikatoka migombani. Safari akakanyaga, gari lake likatoka. Akakuangalia kwenye kioo. "Niliona na weye unakanyaga"—alikuwa anasema nami kama vile anasema nawe—"lakini gari ilikuwa inanguruma tu, inafikiri, inafikiri. Kama ingekamata mara moja, ungepita. Mama Placide, angepita." Wale watu walichukua mzigo wote. Walikuacha wewe, na gari wakaliacha, kwa sababu hata wao hawakulitaka.

Shati lako la buluu lilikuwa na tundu dogo mgongoni. Wamama wa jumuiya walitaka tukuvike jipya, mmoja alikuwa ameshaleta la mumewe, halijatoka hata kwenye plastiki. Nilikataa. Nililifua, nikakaa nalo mchana kutwa, nikatafuta uzi wa rangi ileile, nikapitisha juu na chini, juu na chini. Kanisani hakuna aliyeona kitu. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na nimeizika.

Kilio kilipokwisha na watu wakarudi makwao, gari lilivutwa hadi nyumbani, likaachwa uani, nami nikawa nalichukia. Kila nilipotoka jikoni nililikuta limenikodolea taa zake. Kisha Placide, mwana wetu mkubwa, uliyemwacha akiwa na ndevu na hasira, akasema atalirudisha barabarani. Nikamwambia aliuze. Akaniuliza nani atanunua gari lenye matundu ya risasi. Nikamwambia atafute kazi nyingine. Akaniuliza ipi, hapa Goma, siku hizi. Dada zake wanataka kula na kusoma.

Basi nikatoa sharti moja. Gari hili halitapita lango kwenda Rutshuru wala Kiwanja mpaka nijue kwa nini lilikukatalia. Kama ni ugonjwa, litibiwe. Kama halitibiki, nitalivunja kwa nyundo mwenyewe. Mtoto wangu hatakwenda kwenye mpando uleule na ugonjwa uleule.

Nilijua gari halikuzaliwa hivyo. Unakumbuka mlima ulipotema moto, mji mzima ukakimbilia Sake? Ulipakia majirani wote, na magodoro, na mbuzi ambaye mpaka leo sijui alikuwa wa nani, na bado kila tuliposimama kwenye msongamano na kuondoka tena, gari liliruka mpaka wazee huko nyuma wakapiga kelele. "Munaona reprizi?" uliuliza, umetoa kichwa dirishani. Tulikuwa tunazikimbia nyumba zetu, mwenzetu ulikuwa unatafuta sifa.

Baadaye, sikumbuki ni lini hasa, likawa zito. Likishachanganya mwendo lilikwenda kama kawaida. Tabu ilikuwa pale pa kuondoka. Unakanyaga, linanguruma, linafikiri, ndipo linakwenda. Wenzako wakalipa jina, Bibi Harusi, kwa kuwa bibi harusi wa kwetu hatembei haraka wala hacheki, lazima aburute miguu na kununa ili watu waone anasikitika kutoka kwa wazazi wake. Pale mlipokuwa mkipakia mizigo walikuwa wanapiga vigelegele kila ulipowasha. "Mupishe bibi arusi! Bibi arusi anapita!" Nilikuwa nacheka nao, na wewe ulikuwa unacheka kutushinda wote. Nilipokuuliza kwa nini usilipeleke kwa fundi, ulisema, "Itaenda tu, Mama Placide. Haraka ya nini?"

Fundi wa kwanza kumwendea alikuwa jirani yetu hapa mtaani Murara. Alilisikiliza gari, akasema kosa ni mafuta. "Hii gasoil ya bidoni, Mama, bako banachanganyaka na maji." Akafungua chujio la mafuta na kuyamwaga kwenye chupa, na kweli tukaona maji yamekaa chini. Placide alipiga makofi. Nami nilifurahi, nikuambie ukweli, nilifurahi kwamba ni maji ya wezi wanaouza dizeli kwa madumu, nipate mtu wa kumlaani. Tukatia chujio jipya na mafuta safi, tukapanda kujaribu hadi Munigi.

Nilikaa kwenye kiti cha kando, kile changu. Placide alisimamisha gari katikati ya mpando kwa makusudi, akavuta pumzi, akakanyaga. Likanguruma. Likafikiri. Mwanaume mmoja aliyekuwa anasukuma chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao, imejaa makaa hadi juu, alitufikia, akatusalimu kwa adabu, akatupita. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na yalipotoka hayakuwa ya kicheko tena. Placide aliweka mkono wake juu ya wangu.

Tukarudi kwa jirani. Akafungua chujio la hewa, likawa limejaa lile vumbi letu jeusi la mlima. Akasema gari limekabwa pua. Tukaweka jipya, tukapanda Munigi, hakuna kilichobadilika. Akasema basi breki zimeshika. Akainua magurudumu moja baada ya jingine, nikayazungusha kwa mkono wangu mwenyewe, yakazunguka bila kizuizi. Akasema labda ni ambrayaji, yaani klachi, inateleza. Akavuta breki ya mkono, akatia gia kubwa, akaachia mguu, injini ikazima papo hapo, maana yake ambrayaji inauma sawasawa. Kila alipotaja kosa nilitega moyo, na kila alipolifuta nilihisi umekufa upya bila sababu.

Ndipo akakuta bomba la mpira linalopeleka hewa kwenye injini kutoka kwenye turbo, ile inayoisukuma, limepasuka. Lilikuwa limefungwa kwa ukanda wa tairi la ndani, na fundo nililitambua kabla hajaligusa. Ni lile fundo lako la kupindisha mara mbili na kuficha ncha chini, ulilofungia mizigo yangu yote. Nilimwambia fundi asikate, nikalifungua mwenyewe. Ilinichukua muda mrefu na wanaume wote wawili waliningojea wakiangalia pembeni. Tukaweka bomba jipya. Gari likawa zuri zaidi kwenye mwendo, lakini kuondoka, bado ni bibi harusi. Ukanda wako nimeufungia mkasi wangu usipotee.

Fundi akajikuna kichwa. "Kunabakia pompe ya gasoil," alisema. "Ile miye sigusake. Muende kwa Kambale, kule Birere."

Kambale ni mtu wa maneno mengi. Kabla hajafungua boneti alikuwa ameshatueleza habari za shemeji zake wa Butembo na bei ya nyama. Kisha akainama, akamulika kwa simu yake, akafuta vumbi juu ya pampu kwa kidole gumba. Alikaa ameinama hivyo mpaka nikadhani mgongo umemkamata.

"Hii gari si ni ya Papa Placide?" aliuliza.

"Ilikuwa yake," nikasema.

Hakuwa amesikia kwamba umekufa. Alivua kofia, akaishika kwa mikono yote miwili, mikono imejaa mafuta, kofia ikaharibika.

"Mama," alisema, "hii gari haigonjwe. Ni miye nilifanya vile."

Placide alimrukia. Nilimshika shati kwa nyuma, na sijui nilipata wapi nguvu. Kambale hakukimbia. Alituonyesha skurubu ndogo juu ya pampu, na kando yake mstari mwembamba wa rangi nyekundu.

"Hii skurubu njo inapima gasoil wakati gari inaondoka, mbele turbo haijaamuka. Ukiifungua, gari inaruka, lakini inatupa moshi mweusi. Ukiifunga, moshi inaisha, lakini reprizi nayo inaisha. Papa Placide alikuja hapa akasema: funga. Nikamuambia, Papa, utateseka mu milima. Akasema: funga tu. Njo nikapaka ile rangi pale ilikuwaka mbele, ili siku akichoka niirudishe palepale."

"Juu ya nini alitaka vile?" Placide aliuliza.

Kambale alinitazama mimi.

"Juu ya mama yako. Alisema bibi yake eko anakosa pumuzi."

Wanaosoma hawajui lango letu. Ua wetu umezungushiwa ukuta wa mawe ya volkano, na penye lango pana nundu ya lava ya zamani ambayo hakuna aliyeweza kuivunja, kwa hiyo gari lilipotoka lilikuwa linakanyagwa kwa nguvu palepale, kando ya cherehani yangu. Nilikaa pale kwa ajili ya mwanga na wateja. Moshi ulijaa kati ya kuta, ukakosa pa kwenda, ukaingia kifuani mwangu. Ulikuwa ule mwaka pumu ilinishika vibaya, nikawa nalala nimekaa, na wewe umekaa nyuma yangu ili mgongo wangu upate kitu cha kuegemea. Hospitali walinipa dawa ya kuvuta. Nikapona, na nilidhani ni dawa iliyoniponya. Niliisifu dawa ile kwa kila mtu. Nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda, nikamshukuru Mungu na daktari kwa jina lake, na wewe ulikuwa umekaa kando yangu kwenye benchi, na ukasema "Amina."

Ulisema Amina, Papa Placide! Ukatoka pale ukaenda kuchekwa na wenzako, bibi harusi, bibi harusi, na ukacheka nao.

Sasa nisikilize. Kwa nini hukuniambia nihame? Cherehani ina miguu. Ningeipeleka nyuma ya nyumba siku ileile, wateja wangezunguka, na asiyetaka kuzunguka aende kwa mwingine. Lilikuwa neno moja tu: "Mama Placide, hamisha kiti." Mimi ningekunja uso kidogo, ningesema unanificha nisionekane na watu, na baada ya chakula ningekuwa nimesahau. Najua kwa nini hukusema. Ulijua napenda pale langoni, naona nani anapita na nani, nasalimia nusu ya Murara bila kuinuka. Hukutaka kuninyang'anya hilo. Lakini ningeshona chooni, unanisikia? Ningeshona gizani maisha yangu yote ili uwe hai.

Baada ya siku ile sikuweza kula. Kila nilipovuta hewa niliona kwamba hewa hiyo ilikuwa yako, na mimi nimeimaliza. Sikumwambia mtu. Nilirudi Birere peke yangu, nikamwuliza Kambale kama ni kifua changu kilichokuua. Nilitaka aseme ndiyo au hapana, basi. Mtu yule aliyezoea kucheka alinikasirikia, akagonga meza mpaka spana zikaruka.

"Skurubu haina bunduki, Mama! Kifua yako haina bunduki! Batu njo balimuua. Batu!"

Maneno hayo nimeyabeba. Kuna siku yananishika nikasimama, na kuna siku hayanishiki hata kidogo. Naelewa alichosema, na bado nikiwa peke yangu naanza tena kuhesabia kifua changu kosa. Sijui kama hilo litaisha.

Likabaki la Placide. Nilidhani atakimbia kuifungua ile skurubu, lakini mwana wako ni mwana wako. Alikuja akaketi kwenye kibao, kofia magotini.

"Mama, tuiache vile iko. Nitakuwa naenda polepole kama papa. Ikifunguliwa, moshi itarudi, na weye utaanza tena kukohoa."

Nilimtazama nikaona shingo yako, na jinsi unavyosema mambo mazito huku unaangalia viatu. Nikataka kumpiga na kumkumbatia.

"Papa yako hakuniuliza," nilimwambia. "Weye umeniuliza, na miye najibu. Fungua."

"Mama—"

"Fungua, Placide. Cherehani nitaitoa langoni. Lakini gari hiyo itaruka ao haitaondoka hapa."

Tukaenda Birere pamoja. Kambale alizungusha skurubu mpaka penye rangi yake nyekundu, akafunga boneti, akafanya ishara ya msalaba. Placide alikanyaga, na pikapu yako ilitoka pale kwa nguvu hata vijana wa pikipiki wakatawanyika na kumtukania mama yake, mimi niliyekuwa nimekaa kando yake. Moshi mweusi ulifunika barabara nyuma yetu. Placide alicheka, mara ya kwanza tangu tukuzike. Kisha akaona anacheka, akauma mdomo. Nikamwambia acheke tu.

Cherehani sasa iko nyuma ya nyumba. Naangalia ukuta na kamba ya nguo za jirani. Wateja wanapotea, wengine wananiita kutoka langoni kama vile niko ng'ambo ya ziwa, nami nawajibu kwa sauti, na sauti ikiisha navuta dawa yangu. Nimezoea kidogo. Ninakukosa pale zaidi, kwa sababu pale langoni angalau kulikuwa na watu wa kunisumbua.

Wiki hii Placide ameondoka kwenda Kiwanja, safari yake ya kwanza. Alinifanya niahidi kukaa ndani na kufunga madirisha mpaka gari litoke. Niliahidi. Nilikaa kitandani nikamsikia akiwasha, akingoja, akitia gia. Halafu nilishindwa. Nilitoka mbio bila viatu, nikafika langoni gari likiwa linaruka ile nundu, nikasimama ndani ya moshi wake mpaka lilipokata kona, kwa sababu nilitaka kuona mgongo wake mpaka mwisho.

Kisha nilikaa na simu mapajani. Nilikuwa najua njia yote kichwani kwa masimulizi yako: sasa Kibati, sasa Kibumba, sasa anakaribia migomba ile. Sikushona, hata kusali sikusali, nilikuwa nimeganda. Simu ikalia.

"Mama, nimeshapita pale. Kulikuwa lori inashuka, nikasimama kuipisha. Nikakanyaga, ikakamata mara moja. Mama, ikakamata!"

Nilitaka kumwambia Mungu ni mwema. Kilichotoka ni kikohozi, na kikaja kingine juu yake, nikaweka simu mbali na mdomo mpaka kitulie. Nilipoirudisha sikioni alikuwa ananiita.

"Mama? Ulitoka inje?"

Nikamwambia sikutoka. Nikamwambia ni vumbi la kitambaa kipya, linaniwasha koo. Akaamini, akaniambia nipumzike, akaendelea na njia yake.

Basi, Papa Placide, hasira yangu imefika hapo, sina pa kuipeleka tena. Pumzika huko uliko. Na ukimtokea mtoto ndotoni, usimwambie.

Mkeo,
Mama Placide